Walimu, Kongo si msitu mmoja

Nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la sita mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwalimu wetu wa somo la Jiografia, Historia na Uraia alitundika ukutani ramani ya Afrika aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Kenya aliipamba kwa rangi nyingi: nyanda za juu, bonde la ufa, pwani na jangwa, kila sehemu na rangi yake. Zaire, kama ilivyoitwa nchi hiyo wakati ule, aliipaka rangi moja tu ya kijani kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akaandika katikati neno moja: MSITU. Tulilinakili neno hilo katika madaftari yetu, tukatahiniwa juu yake, tukapita.

Simlaumu mwalimu wangu. Alitufunza alichofunzwa. Lakini miaka zaidi ya 30 imepita tangu siku ile, na ninapowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni waniambie wanachokijua kuhusu Kongo, majibu ninayoyapata yanatoka katika ramani ile ile ya kijani. "Kuna vita." "Kuna madini." "Kuna Ebola." "Kuna muziki." Nikiuliza ni wapi huko Kongo, darasa zima hunyamaza. Utadhani Kongo ni kijiji ambacho moto ukiwaka upande mmoja, moshi huwaingia wote machoni.

Hebu tuanze na ukubwa wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina eneo la takriban kilomita mraba milioni 2.3, yaani Kenya nne zikipangwa pamoja. Barani Afrika ni Algeria pekee inayoishinda kwa ukubwa. Imepakana na nchi tisa. Ni pana hata haiwezi kutumia saa moja: Nairobi inapogonga saa sita mchana, Goma na Lubumbashi ni saa tano, na Kinshasa ni saa nne. Na kuna jambo moja ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Goma hadi Nairobi ni kilomita 850 hivi, ilhali kutoka Goma hadi Kinshasa, mji mkuu wa nchi yao, ni zaidi ya kilomita 1,500. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Sisi ndio jirani huyo wa karibu, na tangu mwaka 2022, Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tumekuwa pia wenzao wa nyumba moja. Je, ni mwenye nyumba gani asiyejua vyumba vya nyumba yake?

Kabla sijawanyoshea wenzangu kidole, sharti nikiri kosa langu mwenyewe, maana nyani haoni kundule.

Mwaka 2013, nikiwa ndio kwanza nimehitimu shahada ya uzamifu, nilifundisha somo la uandishi wa insha za Kiswahili. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo kijana mmoja aliyezaliwa karibu na Bukavu na kuletwa Nairobi akiwa na miaka kumi. Aliandika insha juu ya nyanya yake. Humo mlikuwa na maneno kama batu, bintu, tutoto na bugali. Bibi yake hakulala nyumbani, bali alilala mu nyumba. Nilichukua kalamu ya wino mwekundu nikaifyeka insha ile kama mtu afyekaye kichaka, na mwishoni nikaandika maneno matatu ambayo mpaka leo hunichoma: "Hiki si Kiswahili."

Siku niliporudisha insha, kijana alisimama akasema kwa adabu, "Mwalimu, kwetu batu bote banasema hivi." Darasa likaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Tangu siku ile kijana hakufungua kinywa darasani muhula mzima.

Muhula ulipokaribia kwisha alikuja ofisini mwangu akiwa na ile karatasi. Hakuja kulalamika kuhusu alama. Aliigeuza, akachora nyuma yake umbo la nchi yao, akaligawa mapande manne, akaandika jina la lugha katika kila pande. "Mwalimu," akaniambia, safari hii kwa Kiswahili sanifu alichokipima neno kwa neno, "ukijua hizi nne, utaijua Kongo." Ramani ile ningali nayo. Ndiyo ninayoitumia kuwafundisha wengine, na ndiyo ninayotaka tuipitie leo, walimu na wanafunzi, kutoka baharini hadi mipakani kwetu.

Tunaanzia magharibi, katika pande la Kikongo. Kongo ina pwani nyembamba mno, isiyozidi kilomita 40 hivi, pale mto mkuu unapomwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki. Ukipanda na mto utaifikia Matadi, bandari kuu ya nchi. Hapo meli za baharini hukoma, kwa kuwa kati ya Matadi na Kinshasa mto unaporomoka juu ya mawe kwa mafungu ya maporomoko yasiyopitika. Ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli, iliyokamilika mwaka 1898 na kugharimu roho za vibarua wengi. Maporomoko hayo hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Inga, wa kwanza ukiwa ulifunguliwa mwaka 1972 na wa pili mwaka 1982.

Hapa ndipo ulipotanda ufalme wa kale wa Kongo ambao Wareno waliukuta mwaka 1482, na ambao umeipa nchi na mto jina. Ndipo pia Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri mwaka 1921 katika kijiji cha Nkamba. Wakoloni walimfunga jela, akafia humo mwaka 1951 katika mji ulioko upande mwingine kabisa wa nchi. Lakini lugha iliyoenea ukandani humu na kufika hadi Kwilu na Kwango si Kikongo cha ufalme kwa ukamilifu wake. Ni Kikongo kilichorahisishwa njiani, kwa midomo ya wachukuzi, wafanyabiashara na watumishi wa utawala. Wenyewe wanakiita Kikongo ya leta, na neno hilo leta limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya dola. Jina la lugha limebeba historia yake.

Pande la pili ni la Kilingala. Hili limefuata mto. Kuanzia Kinshasa mto unapitika tena, na meli zinaweza kupanda hadi Kisangani, mwendo wa takriban kilomita 1,700. Hapa, naam, ndipo kwenye ule msitu wa mwalimu wangu: jimbo la Equateur, mji wa Mbandaka uliokaribia mstari wa ikweta wenyewe, na vijiji ambavyo barabara yake ni maji. Wafanyabiashara wa mtoni waliosema Kibobangi walikuwa wameieneza lugha yao kabla ya Mzungu kufika. Wamishenari na askari wa dola ya kikoloni waliichukua, wakaichanganya na kuipunguza, ikazaliwa Kilingala. Jeshi likaifanya lugha ya amri. Kisha wanamuziki wa Kinshasa wakaifanya lugha ya mapenzi.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka jinsi nyimbo za Franco na Tabu Ley zilivyotawala redio na kumbi za starehe za mijini kwetu. Tulicheza, tukaimba, tukatokwa na jasho, bila kuelewa hata neno moja. Kwa hiyo Mkenya wa kawaida akisikia "lugha ya Kongo" hukifikiria Kilingala. Hilo ni kosa la kuichukua sehemu na kuiita kitu kizima. Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kukipenda Kilingala katika santuri na bado akashtuka akikisikia usiku mlangoni mwake, kwa kuwa kwa miaka mingi kilikuwa ndicho lugha ya mwanajeshi aliyekuja kudai kitu.

Pande la tatu liko katikati kusini: Kasai, nchi ya Kiluba, ambacho Wakongomani wanakiandika Tshiluba. Hapa msitu unaachia nafasi mbuga. Mji wa Kananga, uliokuwa ukiitwa Luluabourg, na mji wa Mbuji-Mayi, mji wa almasi, ndiyo mihimili yake. Hapa ndipo Wakuba walipojenga ufalme uliosifika kwa vitambaa vyake vya nyuzi za mwale, ambavyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kaskazini mwa Kasai, katika wilaya ya Sankuru, ndiko alikozaliwa Patrice Lumumba mwaka 1925, ingawa lugha ya mama yake ilikuwa Kitetela wala si Kiluba. Nalitaja hili makusudi, ili mwanafunzi asidhani kwamba kila aliye ndani ya pande lile ni wa lugha ile. Nchi hii ina lugha zaidi ya 200. Hizi nne ni lugha za sokoni, za kanisani na za darasa la kwanza. Juu yake kimekaa Kifaransa, lugha ya ofisi. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja zote nne kuwa lugha za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi.

Kasai inatufunza jambo jingine, nalo ni chungu. Mwaka 1959 huko Luluabourg, Waluba na Walulua walipigana na kuuana, ilhali watu hawa wanasema lugha moja. Maelfu wakalazimika kuhama. Nawaomba wanafunzi wangu wa isimu walikumbuke hilo kila wanapoandika kwamba lugha moja huleta umoja. Huenda ikausaidia, lakini haiuleti peke yake. Ardhi, kazi na siasa hupasua hata wale ambao sarufi imewaunganisha.

Sasa tumefika pande la nne, lililo kubwa kwa urefu na lililo karibu nasi: pande la Kiswahili. Linaanzia Ituri kaskazini, linashuka kupitia Kivu, Maniema na Tanganyika, na kufika Katanga ya kusini. Kutoka Bunia hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 1,500. Ndani yake mna karibu kila hali ya nchi iwezayo kufikiriwa. Iko theluji, katika kilele cha Rwenzori chenye urefu wa mita 5,109 mpakani na Uganda. Iko milima ya moto, kwani Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena mwaka 2002 na mwaka 2021. Iko mbuga ya wanyama ya Virunga, iliyotengwa mwaka 1925 kabla ya nyingine yoyote barani. Uko msitu wa Ituri wenye okapi. Na kusini kabisa iko nyanda ya Katanga, ambako mwezi Juni na Julai watu wa Lubumbashi huvaa masweta asubuhi kama watu wa Limuru.

Kiswahili kilifikaje huko? Tusifiche kitu. Kilifika karne ya 19 na misafara kutoka pwani yetu na ya Tanzania, iliyokwenda kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, ilikuwa miji ya wafanyabiashara hao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alitawala eneo kubwa huko, na ndiye aliyetuachia mojawapo ya tawasifu za kwanza katika lugha yetu. Mwaka 1871, Livingstone alishuhudia sokoni Nyangwe mauaji ya watu wengi, hasa wanawake, mikononi mwa watu wa misafara. Kusini, Msiri alitoka Unyamwezi akaanzisha ufalme wake Bunkeya, hadi alipouawa na ujumbe wa Mfalme Leopold mwaka 1891. Kwa hiyo Kiswahili hakikufika Kongo kikiwa na mikono safi. Sisi tunaokisifu kwa umoja wake tunapaswa kuyajua hayo pia.

Lakini lugha haibaki mali ya aliyeileta. Baada ya misafara ikaja migodi. Wabelgiji walipoanza kuchimba shaba ya Katanga, na mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulipoanzishwa mwaka 1910, vibarua waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia. Walihitaji lugha ya kusemezana, nayo ikawa Kiswahili. Watoto wao walizaliwa ndani yake. Ikawa lugha ya mgodi na ya magitaa pia. Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, aliimba kwa Kiswahili hicho aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na vidole vyake vikawafunza wapiga gitaa wengi wa Kenya.

Ikawa pia lugha ya kuandikia historia. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wazungu. Waliiandika kwa Kiswahili chao, kama walivyokisema. Hawakuomba ruhusa ya mtu yeyote kule Unguja au Nairobi. Basi mimi ni nani hata niandike kwa wino mwekundu kwamba hicho si Kiswahili?

Turudi katika ile insha, tuitazame kwa jicho la isimu ambalo nilipaswa kuwa nalo tangu mwanzo. Kijana aliandika batu, bintu na bugali pale mimi nilipotaka watu, vitu na ugali. Viambishi hivi, ba-, bi- na bu-, Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilivipokea kutoka lugha jirani za huko, nazo zimevihifadhi tangu enzi za mama yao, Kibantu asilia. Mbukusu wa Bungoma anavyo. Mkisii anavyo, asemapo abanto na ebinto. Mganda anavyo. Kiswahili cha pwani ndicho kilichokwenda njia nyingine, midomo ikalegea, ba- ikawa wa-. Kadhalika tutoto: Mkikuyu anayesema twana hawezi kulicheka neno hilo bila kujicheka mwenyewe. Na mu nyumba? Ni mahali kulikooneshwa kwa kiambishi cha mwanzo badala ya -ni ya mwisho, jambo la kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Mfumo wake ni timamu. Nami, niliyepata shahada kwa kuchunguza ngeli za nomino, niliuona mfumo uliokamilika nikauita kichaka.

Najua mwalimu mmoja huko aliko amekwisha kukunja uso. Atasema: mtihani wa taifa unataka Kiswahili sanifu, je, niwape alama wanaoandika batu? Hoja yake ni nzito na sitaikwepa. Jibu langu ni la. Sanifu ifundishwe, itahiniwe, na makosa ya sanifu yasahihishwe. Mtoto wa mkimbizi anaihitaji sanifu kuliko hata wetu, kwa kuwa ndiyo ufunguo wake wa shule na kazi katika nchi ya ugenini.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuandika "Katika sanifu tunasema watu" na kuandika "Hiki si Kiswahili." La kwanza linamwongezea mtoto lugha. La pili linamnyang'anya nyanya yake. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wanayajua maumivu hayo. Mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa sanifu, na tangu hapo ni watoto wangapi wa pwani yetu waliopigwa viboko kwa kusema ndia badala ya njia, na mato badala ya macho, katika lugha ambayo babu zao waliitungia tenzi? Tuliowahi kuonewa kwa kalamu nyekundu tusiwe wepesi wa kuishika.

Yupo pia atakayeniambia kwamba kuigawa Kongo kwa lugha ni kuchochea ukabila. Nimelifikiria hilo sana, na hofu hiyo haikosi msingi. Mwaka 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni, Katanga ilijitangazia kujitenga, na ilirudishwa kwa nguvu mwaka 1963. Lumumba aliuawa huko huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Na mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Katanga waliosema Kiswahili tangu utotoni, walifukuzwa wakajazana katika vituo vya reli wakingoja treni ya kuwarudisha katika "kwao" wasikokujua. Sisi Wakenya, tuliopitia ya mwaka 1992 na ya mwaka 2007 na 2008, hatuhitaji kuelezwa maana ya kuambiwa rudi kwenu.

Hata hivyo, ramani ya lugha ikichorwa kwa ukweli inapinga upuuzi huo. Inaonyesha kwamba mapande haya hayakuchongwa na damu. Yalifanywa na mto, reli, kanisa, jeshi na mgodi. Inaonyesha kwamba kingo zake hazina ukuta: Kisangani wanasema Kilingala na Kiswahili katika soko moja, na mtu akiuliza bei kwa lugha hii hujibiwa kwa ile. Hata mipaka ya utawala imebadilika mara kwa mara. Nchi ilipata uhuru ikiwa na majimbo sita, na tangu mwaka 2015 ina majimbo 26, pamoja na mji wa Kinshasa. Anayejua kwamba mipaka hubadilika hawezi kuua mtu kwa ajili ya mpaka kwa wepesi.

Na kuna sababu ya kuyajua haya iliyo mbele ya macho yetu. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata wakaingia Bukavu. Kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022 hadi mwishoni mwa 2023, wanajeshi wetu wa Kenya walikuwa huko Kivu katika kikosi cha Afrika Mashariki. Wazazi wa Kenya walilala wakiwaombea wana wao walioko katika mji ambao wengi wao wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Habari zilisema "vita vya Kongo", na mtoto darasani aliyeacha shangazi yake Goma alitazamwa sawasawa na yule ambaye jamaa zake wako Matadi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,700 kutoka milio ya bunduki. Asiyejua vyumba vya nyumba hawezi kumpa pole mwenye kufiwa, kwa kuwa hajui mlango wa kubisha.

Ninachowaomba walimu wenzangu hakihitaji bajeti. Mkifika katika mada ya Kongo, chukueni chaki za rangi nne. Chora mto kwanza, maana ndio uti wa mgongo, nao huvuka mstari wa ikweta mara mbili kabla ya kuifikia bahari. Andika Kikongo, Kilingala, Kiluba na Kiswahili kila mahali pake, na uwaambie wanafunzi jinsi kila lugha ilivyofika hapo. Habari ikisomwa, uliza: ni wapi? Na ikiwa darasani mwako yumo mtoto aliyetoka huko, usimsimamishe mbele kama kioja, muulize tu kama ungemwuliza mtoto wa Kakamega au wa Kwale, "Kwenu mnasemaje?" Kisha mwandikie ubaoni maneno mawili bega kwa bega, la kwao na la sanifu, na uwaache wenzake wayatazame. Nanyi wanafunzi, mkimsikia mwenzenu akisema batu, kabla ya kucheka mwulizeni nyanya yenu wa kijijini anasemaje.

Yule kijana alihitimu, akaondoka. Kabla hajaondoka niliiomba insha yake, nikaisahihisha upya kwa penseli. Yale maneno yangu matatu niliyakata, lakini wino mwekundu haufutiki. Yangali yanasomeka chini ya mstari. Nimeyaacha hivyo. Kila mwaka ninapowaonyesha wanafunzi ramani ya mapande manne, huigeuza karatasi na kuwaonyesha upande wa pili pia, nao husoma wakanyamaza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja. Aliyepona ni mimi.